Printa ya Picha Inapotoa Mistari: Namna ya Kutambua na Kuzibua Kichwa cha Kuchapia

Kila mwaka mwezi mtukufu wa Ramadhani unapoingia, harusi husita Unguja. Studio ndogo za picha za Mji Mkongwe hupungukiwa na kazi, na mashine za kuchapia picha, ambazo wengi wetu tunaziita printa, hufunikwa kitambaa na kuwekwa kando. Mwezi unapoandama, Idi na harusi za Mfunguo Mosi hufuatana, na wateja hurejea kwa pamoja. Mwenye studio huiwasha printa yake, hutia karatasi, na picha inayotoka ina mistari myeupe, au nyuso za maharusi zimegeuka kijani. Mashine iliyofanya kazi vizuri mwezi mmoja uliopita sasa yaonekana imeharibika.

Tuuendeleze mfano huo. Mwenye studio anatoa amri ya kusafisha mara kumi mfululizo. Wino unakwisha, picha haijatengenea. Anakwenda kwa fundi na kuambiwa kwamba kichwa kimekufa, afadhali anunue printa nyingine. Anakopa, ananunua, na ile ya zamani inatupwa. Huenda ugonjwa wake ulikuwa ni wino uliokauka tu, na dawa yake ilikuwa ni subira ya usiku mmoja.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye studio, mwenye duka la picha za pasipoti na familia iliyo na printa nyumbani. Tunakusudia kumwezesha mtumiaji kutambua tatizo kabla ya kutoa fedha, kulitatua kwa utaratibu usioidhuru mashine, kujua wakati wa kusimama, na kulinda haki yake anapokwenda dukani au kwa fundi.

1. Kichwa cha kuchapia na namna kinavyoziba

Printa ya wino hairangi karatasi kwa kuigusa. Kichwa cha kuchapia hupita juu ya karatasi, kwenda na kurudi, na kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele hurusha matone madogo ya wino. Printa ya kawaida hutumia rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Majenta ni wekundu unaoelekea zambarau. Printa nyingi za picha huongeza samawati hafifu na majenta hafifu, ili ngozi ya mtu na rangi ya anga zitoke kwa ulaini. Epson L805, kwa mfano, ina matanki sita ya wino.

Kuna njia mbili kuu za kurusha tone. Printa za wino za Canon na zile ndogo za HP hutumia joto: kijipande kidogo mno hupashwa moto kwa kitambo kifupi, wino ulio karibu nacho huchemka na kufanya povu, na povu hilo hulisukuma tone nje. Printa za Epson hutumia kijipande kinachojikunja umeme unapokipitia, nacho hulisukuma tone bila joto.

Tofauti hizi zina maana kwa mfuko wako. Katika printa nyingi ndogo za HP kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe. Ukibadilisha katriji, umebadilisha na kichwa. Katika baadhi ya printa za Canon mtumiaji anaweza kukitoa kichwa na kukirejesha. Katika printa za Epson kichwa kimefungwa ndani ya mashine, na kukibadilisha ni kazi ya fundi yenye gharama kubwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kitabu cha maelekezo na kujua mashine yako ni ya namna gani.

Wino wa printa hizi kwa kawaida una maji mengi. Maji yakipotea, rangi hubaki na kuganda kwenye midomo ya vitundu. Ndiyo maana printa inapozimwa ipasavyo, kichwa huenda pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa. Kifuniko hicho ndicho kinga kubwa ya kichwa, na sehemu kubwa ya maudhi tunayoyaeleza hapa huanzia pale kichwa kinapokosa kukaa juu yake.

2. Mazingira ya Unguja

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hewa ya Unguja ina unyevu mwingi, wino hauwezi kukauka. Ni kweli kwamba unyevu huchelewesha ukaukaji, lakini hauuzuii. Yapo mambo manne ambayo mtumiaji wa hapa anapaswa kuyaangalia.

Kwanza ni kukaa bila kazi. Wino usiotembea huganda polepole hata chini ya kifuniko. Mwezi mzima wa kupumzika unatosha kuziba vitundu.

Pili ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika katikati ya uchapishaji, kichwa hubaki wazi juu ya karatasi na hakirudi kwenye kifuniko chake. Saa chache huenda zisilete madhara. Siku kadhaa zitaleta. Wenye mashine walioshuhudia Unguja ikikaa takribani mwezi mmoja bila umeme mwaka 2008, na takribani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, wanaelewa uzito wa jambo hili. Matokeo ni yayo hayo kwa mtu anayezima umeme ukutani kabla printa haijamaliza kujifunga.

Tatu ni vumbi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta kongwe humwaga unga mweupe mwembamba. Unga huo ukiingia ndani ya printa hushikana na wino na kuwa tope kwenye kifuniko na kwenye kipangusio cha kichwa.

Nne ni upepo wa feni na kiyoyozi. Kiyoyozi huondoa unyevu hewani, na feni inayoelekezwa kwenye mashine huharakisha ukaukaji. Chumba kinachomfaa mtu kukaa chaweza kuwa kikavu kwa kichwa kilichoachwa wazi.

3. Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni kuziba

Si kila picha mbaya inatokana na kichwa kilichoziba. Kabla ya kusafisha chochote, chapisha ukurasa wa ukaguzi wa vitundu. Amri yake imo katika sehemu ya matengenezo ya programu ya printa, au katika vitufe vya mashine yenyewe kama kitabu kinavyoeleza. Tumia karatasi ya kawaida, usipoteze karatasi ya picha.

Ukurasa huo utaonyesha mistari midogo ya kila rangi. Usome hivi:

• Mistari yote ikiwa kamili, kichwa hakijaziba. Tafuta kosa kwingine: huenda karatasi imewekwa upande usiopokea wino, huenda aina ya karatasi iliyochaguliwa katika programu si hiyo iliyomo katika mashine, au kichwa kinahitaji kusawazishwa.

• Mistari ya rangi moja ikiwa na mapengo, baadhi ya vitundu vya rangi hiyo vimeziba.

• Rangi moja ikikosekana yote, angalia tanki au katriji yake kabla ya kichwa. Huenda wino umekwisha, utepe wa kinga wa katriji mpya haukubanduliwa, au hewa imeingia katika mrija. Baadhi ya printa za matanki zina kufuli inayofungwa wakati wa kuzisafirisha; ikisahauliwa kufunguliwa, wino hautembei.

Sura ya picha nayo husaidia kutambua. Nyuso zikielekea kijani, majenta imepungua. Picha ikiwa nyekundu kupita kiasi, samawati haitoki. Ikielekea buluu na zambarau, manjano ndiyo iliyokosekana.

Uhifadhi ukurasa huu wa kwanza, na uandike tarehe juu yake. Utakuwa kipimo cha maendeleo ya usafishaji, na huenda baadaye ukawa ushahidi wako.

4. Kuzibua kwa utaratibu

Hatua ya kwanza. Hakikisha kila rangi ina wino wa kutosha. Kusafisha huvuta wino kupitia kichwa, na kuvuta katika tanki tupu huingiza hewa. Kwa vichwa vinavyotumia joto, kufanya kazi bila wino huweza kuviunguza.

Hatua ya pili. Toa amri ya kusafisha kichwa mara moja, kisha chapisha ukurasa wa ukaguzi. Ulinganishe na ule wa kwanza. Mapengo yakipungua, hata kama hayajaisha, dawa inafanya kazi.

Hatua ya tatu. Rudia kusafisha na kukagua, lakini usizidishe mara tatu kwa jumla, isipokuwa kitabu cha mashine yako kinasema vinginevyo.

Hatua ya nne. Simama. Izime printa kwa kitufe chake na uiache bila kuigusa. Vitabu vya baadhi ya printa za Epson zenye matanki huelekeza kusubiri angalau saa 12. Baadhi ya vitabu vya Canon huelekeza saa 24, bila kuchomoa waya wa umeme. Katika muda huo wino mbichi ulio ndani ya kichwa hulainisha ule uliokauka, na viputo vya hewa hupata nafasi ya kutoka. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, hasa mteja anapokuwa amesimama mlangoni. Ni afadhali kumwomba mteja arudi kesho kuliko kuipoteza mashine.

Hatua ya tano. Baada ya kusubiri, kagua tena, na safisha mara moja ikihitajika. Mapengo yakipungua kila mara, endelea kwa mwendo huo huo wa kusafisha, kukagua na kusubiri.

Hatua ya sita. Baadhi ya printa zina usafishaji wa nguvu, ambao huvuta wino mwingi sana. Usiutumie kabla ya hatua zilizotangulia, wala wakati wino uko chini. Baadhi ya vitabu hutaka kila tanki liwe na angalau thuluthi moja ya wino. Ukishautumia, fuata muda wa kusubiri uliowekwa kabla ya kuurudia.

Ikiwa baada ya yote haya ukurasa wa ukaguzi haujabadilika hata kidogo, kazi yako imefika mwisho. Kuendelea kusafisha ni kumwaga wino. Kila usafishaji hupeleka wino katika sponji iliyo chini ya mashine, nayo sponji ina kikomo. Printa huhesabu, na hesabu ikitimia hukataa kuchapisha mpaka sponji ibadilishwe. Atakayekufutia hesabu hiyo bila kubadilisha sponji hajakutengenezea mashine. Wino utafurika na kuchafua meza yako, na pengine kuharibu saketi.

5. Mambo ya kuepuka

Usitumie maji ya kisima wala ya bomba kusafishia kichwa au kifuniko chake. Maji mengi ya Unguja hutoka katika miamba ya matumbawe na huwa na chokaa ndani yake. Yakikauka katika kitundu huacha ukoko, nao ni mgumu kuliko wino ulioutaka kuuondoa. Kinachofaa ni dawa iliyopendekezwa na mtengenezaji, au maji yaliyotoneshwa. Uwe mwangalifu unapoyanunua: wauzaji wengine hutumia jina la maji ya betri kwa maji yaliyotoneshwa na pia kwa asidi. Soma lebo. Asidi itaangamiza kichwa na kukuunguza mikono.

Usitumie mafuta ya kuondolea rangi ya kucha, petroli wala mafuta ya taa. Huyeyusha gundi na plastiki.

Usikwangue vitundu kwa sindano, pini wala mswaki, na usisukume maji kwa nguvu kwa bomba la sindano. Kitundu kilichoziba hutibika, kilichochanika hakitibiki.

Usichanganye wino wa aina mbili katika tanki moja. Upo wino ambao rangi yake imeyeyuka katika maji, na upo ambao rangi yake ni chembechembe zinazoelea. Zikikutana huweza kuganda. Nunua wino unaolingana na namba ya mashine yako. Epson L805, kwa mfano, hutumia wino wa namba 673. Kagua lakiri ya chupa, tarehe ya mwisho wa matumizi na uandishi wa lebo. Chupa iliyofunguliwa na kujazwa upya si bei nafuu hata ikiuzwa nusu ya bei.

6. Unapokwenda dukani au kwa fundi

Kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua mashine, tafuta risiti na kadi ya dhamana. Ikiwa muda wa dhamana haujakwisha, mahali pa kuanzia ni duka lililokuuzia. Mashine ikishafunguliwa na fundi wa nje, muuzaji huweza kudai kwamba dhamana imevunjika. Soma masharti yake: dhamana nyingine hazihusishi madhara yaliyosababishwa na wino usio wa mtengenezaji, na ni bora ulijue hilo siku ya kununua wino kuliko siku ya mashtaka.

Kwa fundi, uliza maswali manne na utake majibu kwa maandishi. Tatizo ni nini, na amelithibitisha vipi? Gharama ya uchunguzi ni ngapi, na itakatwa katika gharama ya matengenezo? Kipuri kipya kitatoka wapi, na kina dhamana ya muda gani? Kipuri cha zamani nitarejeshewa? Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Ukiambiwa kichwa kimekufa, mwonyeshe kurasa zako za ukaguzi. Kichwa ambacho jana mapengo yake yalikuwa 20 na leo ni 8 hakijafa.

Kuhusu uamuzi wa kutengeneza au kununua, tunapendekeza hesabu nyepesi. Tuseme printa mpya inauzwa shilingi 900,000 na matengenezo yanahitaji shilingi 250,000. Ikiwa mashine yako bado ina maisha mbele yake, kutengeneza kuna maana. Gharama ikikaribia nusu ya bei ya mpya, na mashine imeshafanya kazi miaka mingi, kununua ni busara zaidi. Uamuzi huo uwe wako, si wa mtu anayekuuzia mojawapo ya hivyo viwili.

Nawe uliye mteja wa studio, picha yenye mistari au rangi iliyopotoka si kazi iliyokamilika. Una haki ya kuomba ichapishwe upya kabla ya kulipa salio. Omba pia faili la picha uhifadhi mwenyewe. Mji huu una studio za picha tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilihifadhi sura za watu na mitaa kwa miongo mingi. Picha zilizopigwa kwa filamu zilibakiza negativu. Picha ya leo isiyokuwa na faili haina asili ya kurejea ikififia.

Mkishindwa kuelewana na muuzaji au fundi, andika malalamiko yako kwa ufupi: tarehe, kitu ulichonunua au huduma uliyolipia, kasoro, na unachodai. Ambatisha nakala za risiti na kurasa za ukaguzi. Asili zibaki kwako. Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya 2018, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ndicho chombo cha kukiendea.

7. Kinga

Chapisha picha moja ndogo yenye rangi zote kila wiki, hata kama huna mteja. Ni karatasi 52 kwa mwaka, gharama ndogo kuliko usafishaji wa nguvu mara chache. Katika Ramadhani liwe jambo la ratiba: siku maalumu, saa maalumu.

Izime printa kwa kitufe chake, usubiri mlio uishe na taa izimike, ndipo uzime ukutani. Umeme ukikatika ikiwa kazini, iwashe mara umeme unaporudi ili kichwa kirejee mahali pake, kisha uizime ipasavyo. Mwenye uwezo aweke kifaa cha kuhifadhi umeme kitakachompa dakika chache za kumalizia.

Iweke mbali na ukuta unaomwaga chokaa, mbali na dirisha na mkondo wa feni, na uifunike inapopumzika. Karatasi za picha zifungwe ndani ya mfuko wake, hasa wakati wa Masika, kwani hunyonya unyevu, hujikunja, na wino juu yake hutapakaa.

8. Maswali ya kujipima

1. Picha imetoka na nyuso za kijani. Ni rangi gani unayoishuku, na utathibitisha vipi kabla ya kusafisha?

2. Umesafisha mara tatu na mapengo yamepungua bila kuisha. Utafanya nini usiku huu?

3. Umeme umekatika ukiwa katikati ya picha ya 30, na umerudi baada ya saa mbili. Hatua yako ya kwanza ni ipi?

4. Fundi anasema kichwa hakifai. Ni karatasi zipi utakazomwonyesha, na ni maswali yapi utakayomuuliza?

Ikiwa umeweza kuyajibu yote, tunaamini fedha yako iko salama zaidi kuliko ulipoanza kusoma. Weka kijitabu hiki karibu na mashine, pamoja na risiti na ukurasa wa ukaguzi uliochapisha siku ya kwanza. Siku mistari itakapotokea, anza na ukurasa wa ukaguzi, usianze na pochi.